Mali bila daftari: kisa cha mtafiti aliyetoka likizo ya uzazi akakuta jina lake la tatu

Kisa hiki kilipitia mezani kwangu nikiwa mshauri wa watafiti katika taasisi moja ya elimu ya juu. Sihukumu mtu. Napokea malalamiko, nawakalisha watu pamoja, na ikishindikana nawaonyesha ngazi rasmi ilipo. Wahusika wote watatu wameyasoma maandishi haya na kuyaridhia. Taaluma yao nimeibadilisha, na badala ya kutaja tarehe nimehesabu miezi tangu mkataba wa mlalamikaji ulipoanza. Nitawaita Daktari, Profesa na Kijana.

## Usuli

Daktari aliingia katika maabara ya Profesa miaka miwili baada ya kupata shahada ya uzamivu. Ruzuku ya mradi ilikuwa ya miaka mitatu, lakini mwaka wa kwanza uliishia kwenye manunuzi na vibali, kwa hiyo yeye alipewa mkataba wa miezi 24 iliyobaki, nao ukakatwa vipande viwili vya mwaka mmoja mmoja. Kati ya watu tisa wa maabara ile, wenye ajira ya kudumu walikuwa wawili tu: Profesa mwenyewe na fundi wa mashine.

Kijana alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa mwaka wa pili, anayeishi kwa posho ya masomo. Hakuwa mwajiriwa. Alikuwa ametoka nchi nyingine, na kibali chake cha ukaazi kilitegemea usajili wake chuoni, nao usajili ulitegemea ripoti ya kila mwaka ya msimamizi wake, ambaye ni Profesa. Jambo hili lilitajwa mara moja tu katika mazungumzo yetu ya mwanzo, kisha likapitwa. Nitalirudia.

Kwa miezi kumi na mitatu Daktari alisanifu utaratibu wa majaribio, akaandika maombi ya kibali cha maadili, akairekebisha mashine mpaka vipimo vikaaminika, akaandika msimbo wa kuchakata data, na akamfundisha Kijana vyote hivyo. Juu ya hayo alipanga zamu za mashine, aliagiza kemikali, aliwapokea wageni na kuwatuliza wanafunzi waliotaka kuacha. Kazi za namna hii hazina pa kuandikwa katika wasifu wa mtafiti. Zikifanyika hakuna anayeziona, na zisipofanyika maabara inasimama.

Mwezi wa 10 alimweleza Profesa kwamba ni mjamzito. Profesa alifurahi kweli, jambo ambalo Daktari mwenyewe hajawahi kulikana. Akamwambia, "Nenda ukajifungue kwa amani. Mambo yako yapo." Mkataba wa mwaka wa pili ukasainiwa bila shida. Ofisi ya utumishi ikajaza fomu ya likizo. Kuhusu utafiti wenyewe hapakuandikwa hata mstari mmoja.

## Yaliyotokea

Likizo ya wiki 16 ilianza mwezi wa 14. Siku tatu kabla yake, Profesa na Daktari walikaa dakika arobaini. Daktari alikabidhi maelezo ya kurasa 11 pamoja na rasimu ya makala: utangulizi, mbinu zote na nusu ya matokeo, jina lake likiwa la kwanza. Hakuna aliyeuliza itakuwaje makala ikilazimika kutoka yeye hayupo. Aliniambia baadaye kwamba swali hilo lilimfika mdomoni akalimeza. Aliona haya kugombea nafasi ya jina wakati wenzake wanamtakia heri.

Jioni ile Profesa aliwaandikia watu wa maabara kwamba Daktari asisumbuliwe kwa lolote la kazi, kisha akamwondoa kwenye orodha ya barua pepe ya mradi.

Wiki ya tisa ya likizo, kundi jingine la watafiti liliweka mtandaoni rasimu ya kazi inayokaribiana sana na yao. Hofu ya kutanguliwa huambukiza haraka kuliko mafua. Profesa akampa Kijana wiki tatu. Kijana alibuni uchambuzi mpya ambao rasimu ya Daktari haikuwa nao, akakamilisha matokeo, akaandika mjadala wote, na mara mbili alilala palepale maabara. Profesa ndiye aliyepanga majina: Kijana wa kwanza, mwenzao aliyesaidia takwimu wa pili, Daktari wa tatu, Profesa wa mwisho. Mfumo wa jarida ukamtumia kila mwandishi barua ya kuthibitisha, yenye sentensi kwamba asiyejibu atahesabiwa amekubali. Ya Daktari ilikwenda kwenye anwani ya kazini, ileile aliyokuwa ameambiwa aachane nayo.

Alirudi mwezi wa 18. Siku ya nne, katika kikao cha maabara, Kijana aliwasha projekta na slaidi ya kwanza ikaonyesha kichwa cha makala na majina chini yake. Daktari hakusema kitu. Alinisimulia kwamba aliyahesabu majina yale mara mbili, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta funguo.

Kwa aliye nje ya taaluma hizi: katika hisabati majina kwa kawaida hupangwa kwa alfabeti, na nafasi haina maana yoyote. Katika maabara kama hii nafasi ndiyo inayosema yote. Wa kwanza ndiye aliyefanya kazi, wa mwisho ndiye mwenye maabara, na wa katikati walisaidia. Daktari alikuwa na miezi sita ya mkataba, na mwezi wa 20 ulikuwa mwisho wa kutuma maombi ya ruzuku yake binafsi, ambayo bila makala kama hii yasingefika mbali.

Alinijia wiki ya tatu baada ya kurudi. Alikuwa hapati usingizi, na sababu haikuwa mtoto. Mtoto alilala vizuri. Mama ndiye aliyekesha akifungua faili za mradi moja baada ya nyingine.

## Maamuzi na sababu zake

Kitu cha kwanza alichotaka ni kumwandikia mhariri wa jarida. Nilimsihi asubiri. Jarida lile hufuata mapendekezo ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ambayo hutumika hata nje ya tiba, na mapendekezo hayo yanasema wazi kuwa si kazi ya mhariri kuamua nani anastahili kuitwa mwandishi. Mgogoro wa namna hii hurudishwa kwenye taasisi. Makala ingesimamishwa, barua ingeishia mezani kwetu, na watu walewale wangekaa kikao kilekile wakiwa wameshageuka maadui.

Uamuzi wa pili ulikuwa kukusanya ushahidi kabla ya maneno. Daktari alitoa nakala za daftari lake la maabara, matoleo ya rasimu yenye tarehe, na historia ya msimbo kwenye hazina ya mradi, yaani hifadhi ya kidijitali inayotunza kila badiliko na jina la aliyelifanya. Nilimkataza kupeleleza barua za wengine, ingawa angeweza.

Wa tatu ndio ninaojivunia. Ipo orodha ya majukumu 14 ya mchango katika utafiti, inayoitwa CRediT, ambayo majarida mengi siku hizi huitumia kutaja nani alifanya nini: kubuni wazo, kusanifu mbinu, kuandika programu, kufanya majaribio, kutunza data, kuandika rasimu, kusimamia na kadhalika. Nilimwomba kila mmoja aijaze peke yake na kunikabidhi siku mbili kabla ya kikao. Mbele ya Profesa, Kijana asingeandika anachokiamini.

Wa nne: suala la jina na suala la mkataba tuliyatenganisha. Kanuni za mfadhili ziliruhusu mradi kuongezewa muda kwa sababu ya likizo ya uzazi, lakini ombi lilipaswa kufika miezi mitatu kabla ya mradi kwisha, na mwenye haki ya kulituma ni mwenye ruzuku, yaani Profesa. Ofisi ya utumishi ilidhani maabara imeshaomba. Maabara ilidhani hiyo ni kazi ya utumishi. Nilitaka ombi litumwe wiki ileile, kabla ya kikao, ili mtu asije akajikuta anabadilishana nafasi ya jina kwa mshahara.

### Kikao

Kilichukua saa mbili na nusu. Profesa alikuja ameumia. "Mimi nilimlinda," alisema. "Kuna maabara ambako angepigiwa simu akiwa wodini." Hilo ni kweli, na nilimwambia hivyo.

Nikatandaza majedwali matatu. Profesa alikuwa amemweka Daktari katika majukumu matano kati ya 14. Kijana alimweka katika tisa. Alikuwa ameinamia vidole vyake wakati majedwali yanasomwa, na nadhani hapo ndipo Profesa alipotambua kwamba mwanafunzi wake alijua muda wote.

Tukafika kwenye msimbo. Profesa akauliza, "Huu si wa Kijana?" Historia ilionyesha uliandikwa na Daktari kuanzia mwezi wa nne. Profesa hakuwa anadanganya. Kwa miezi minne alimwona Kijana akiuendesha kila asubuhi, na jicho humpa kazi yule linayemwona nayo.

Upande wa pili nao ulikuwa na pengo. Katika jedwali la Daktari, uchambuzi wote ulikuwa wake. Kijana, kwa sauti ndogo, akasema, "Samahani Daktari, michoro miwili ya mwisho haitoki kwenye rasimu yako." Daktari aliifungua makala, akaisoma ile sehemu kwa mara ya kwanza bila hasira, akachukua kalamu na kuliongeza jina la Kijana. Kuanzia hapo kikao kikawa chepesi.

Vigezo vya ile kamati ya wahariri ni vinne: mchango mkubwa katika wazo, usanifu, data au uchambuzi, kuandika au kuihakiki rasimu, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi, kigezo kilichoongezwa mwaka 2013. Havisemi nani atangulie. Mpangilio huachiwa waandishi. Ila vinasema kwamba kila aliyetimiza kigezo cha kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika, kupitia na kuidhinisha. Daktari hakupewa nafasi hiyo, na barua ya "asiyejibu amekubali" si nafasi. Hoja hii ndiyo iliyomgeuza Profesa, maana haikumtaka akiri ubaya wowote. Ilimtaka akubali kwamba hatua moja ilirukwa.

## Matokeo

Maoni ya wahakiki yalirudi mwezi wa 19, na makala ikarekebishwa ikiwa na waandishi wa kwanza wawili, Daktari akitangulia na Kijana akifuata, pamoja na kinyota chenye maelezo kwamba michango yao ni sawa. Wote walisaini ridhaa ya mabadiliko, na jarida likayapokea. Mfadhili aliongeza miezi minne ya muda bila fedha. Idara ilipata mshahara wa miezi miwili tu.

Ruzuku binafsi ilimpita. Mwezi wa 26 Daktari aliacha utafiti na kuajiriwa katika kitengo cha usimamizi wa data cha taasisi hiihii, kwa mkataba wa kudumu. Anasema hajuti. Katika ripoti yetu ya mwaka amehesabiwa miongoni mwa waliofanikiwa kupata ajira.

## Uchambuzi

Wema usioandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipoanza kusikiliza kisa hiki nilitarajia kumkuta mnyang'anyi, na sikumkuta. Profesa alitoa ahadi aliyoiamini, ila ahadi ile haikuwa na kitu ndani. "Mambo yako yapo" ni mambo gani? Nafasi ya jina? Muda wa mkataba? Haki ya kusoma rasimu? Kila mmoja aliweka maana yake, na mwenye madaraka akatekeleza ya kwake.

Hata kumwondoa kwenye barua pepe kulikuwa uamuzi juu ya kazi yake bila yeye kuulizwa. Wapo wanaotaka kukatwa kabisa wakiwa likizo, na wapo wanaotaka habari moja kila mwezi. Nchini Uingereza sheria humruhusu aliye katika likizo ya uzazi kufanya kazi hadi siku 10 bila kuipoteza likizo, kwa makubaliano ya pande zote mbili. Sisemi kila mahali paige idadi hiyo. Nachopenda humo ni kwamba mtu huulizwa.

Jedwali lilifanya kazi, kinyota hakikufanya. Kuhesabu majukumu kulitutoa kwenye swali la nani ni mwema na kutupeleka kwenye swali la nani alifanya nini. Lakini suluhu ya waandishi wa kwanza wawili ina kasoro inayojulikana na kila mtu maabara: msomaji anayeinukuu makala ataandika jina la kwanza "na wenzake". Kinyota cha usawa kinabaki chini ya ukurasa. Aliyelipa gharama hiyo ni Kijana. Tangu mwishoni mwa mwaka 2012, Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti limekuwa likizitaka taasisi zipime kazi yenyewe badala ya sifa ya jarida ilikotoka, na taasisi nyingi zimelisaini. Kamati zinazochuja maombi mia kwa siku moja bado hutazama jina na jarida.

Haki iliyotimia kwenye karatasi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 na haki ya kurudi kwenye nafasi ileile au inayolingana nayo kwa mshahara uleule. Daktari alipata wiki 16, akarudi kwenye meza ileile na mshahara uleule. Ukimuuliza mwanasheria, hakuna aliyevunja kitu. Kilichomwumiza ni saa ya mkataba wa muda maalumu, ambayo haikusimama alipokuwa akinyonyesha. Kati ya miezi 24 alifanya utafiti chini ya miezi 21, halafu akapimwa kama aliyepewa 24.

Wafadhili wamelielewa hili nusu. Baraza la Utafiti la Ulaya, kwa mfano, kwa miaka mingi limewaongezea akina mama miezi 18 kwa kila mtoto katika hesabu ya miaka tangu shahada ya uzamivu, ili wasipoteze sifa ya kuomba ruzuku. Ni jambo zuri. Lakini kuongezewa muda wa kuomba hakukulipi mshahara wakati unasubiri dirisha lijalo lifunguliwe.

Kijana. Hapa ndipo ninapoona tulikosea sote. Tulimchukulia kama mnufaika. Mtu ambaye kibali chake cha kuishi nchini kinapita kwenye saini ya msimamizi hawezi kumwambia msimamizi huyo kwamba amemweka mahali pasipo pake. Alipewa wiki tatu za kazi ya miezi miwili, na kwa kuwa posho si ajira, hakuwa na saa za kazi za kuvukwa wala likizo ya kudai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wanafunzi 3,659 wa uzamivu katika eneo la Flanders, Ubelgiji, ulikuta takriban theluthi moja wako katika hatari ya kupata tatizo la afya ya akili, na namna ya uongozi wa msimamizi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusiana na hali hiyo. Mimi nilimuuliza Daktari kuhusu usingizi wake katika mazungumzo ya kwanza. Kijana nilimuuliza baada ya wiki saba. Alikuwa ameanza kutapika kila asubuhi ya kikao cha maabara.

Kosa langu. Nilimshauri Daktari asubiri suluhu kabla ya kutuma maombi yake ya ruzuku, ili makala isionekane ina mgogoro. Suluhu ilipatikana siku kumi na moja baada ya dirisha kufungwa. Angeweza kutuma akiitaja kama makala iliyo katika uhakiki, na barua ya Profesa ikaeleza mchango wake. Hofu ilikuwa yangu, nikampa yeye aibebe. Tangu hapo, mtu akija na mgogoro, swali langu la kwanza ni tarehe gani zinamkabili miezi mitatu ijayo, na hizo ndizo tunazoanza nazo.

## Kilichobadilika, na ambacho bado

Profesa sasa ana ukurasa mmoja unaosainiwa kila kazi mpya inapoanza: nani anatarajiwa kuwa mwandishi wa kwanza, kwa sharti gani anaweza kubadilishwa, na nini kitafanyika mmoja wao akiugua, akijifungua au akihama. Ukurasa hupitiwa upya kila baada ya miezi sita. Kazi za kuagiza kemikali na kupanga zamu zinazunguka kwa orodha iliyobandikwa ukutani, na Profesa naye yumo. Kijana amebadilishiwa utaratibu: ripoti yake ya mwaka husainiwa na wasimamizi wawili.

Fomu ya likizo ya taasisi yetu iko vilevile. Inauliza tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi na namba ya akaunti ya benki. Nimependekeza iongezwe swali moja: kazi zako zipi zinaweza kuchapishwa ukiwa haupo, na mmekubaliana nini kuzihusu? Pendekezo lilipelekwa kwenye kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, na ukaguzi wangu wa mwisho ulionyesha mjumbe wake mmoja amekwenda likizo ya uzazi.